Madam Pascalia na Fomu Tupu za Edah

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka ishirini na miwili kazini, Bi. Pascalia Nasambu anastaafu kutoka kitengo chetu cha programu za simu hapa Kakamega. Ofisi nzima humwita Madam, hata mkurugenzi.

Alianza akiwa karani wa kuingiza fomu za kliniki kwenye kompyuta. Alipochoshwa na programu za kukwamakwama, akajifunza kuziandika mwenyewe, hadi akawa mkuu wa kitengo. Sisi tuliokuja na shahada zetu alitufundisha upya: ukurasa ukifungwa, uachie nafasi uliyoshika kwenye kumbukumbu ya simu, la sivyo simu itavimbiwa kama mtu aliyeongezewa obusuma, ugali wetu, mara tatu. Tulicheka sana. Jamani, tungesikiliza!

Mwaka juzi, fomu za wajawazito zilizotumwa kwa programu yetu ya simu na Edah Nekesa, mhudumu wa afya kule Kabras, zilianza kufika tupu. Tukasema hatembelei nyumba. Edah akaapa kwamba huzijaza zote, lakini barua ya kumwachisha kazi ikaandikwa.

Madam akaizuia, akafunga safari kwenda kuzunguka naye. Katika nyumba ya kwanza, Edah alijaza kurasa zote nne. Kabla hajatuma, Madam akamwomba arudi ukurasa wa kwanza. Ulikuwa mweupe pe! Simu yake ndogo ilikuwa imeelemewa na kurasa zetu zisizoachia nafasi, ikafuta zilizotangulia ili ipumue, na programu yetu haikuwa imehifadhi majibu kwanza. Edah alilia palepale mbele ya mwenyeji wake.

Kwenye kikao cha ofisi, Madam alisema maneno machache tu: "Edah amefanya kazi yake. Kosa limetoka mezani kwangu." Barua ikachanwa. Akarudi Kabras mwenyewe kuomba radhi, na tangu hapo hakuna programu inayotoka bila kujaribiwa kwenye simu kama ya Edah. Tumenung'unika weee, lakini fomu zinafika.

Kurasa zile niliziandika mimi, Willis Sifuna. Na barua niliidai mimi. Madam alijua, kwani jina langu lilikuwa kwenye kazi ile. Hakunitaja, wala hakunikumbusha kamwe. Alivuta kiti kando yangu, tukarekebisha pamoja wiki nzima.

Madam, ahsante. Nenda nyumbani Mukumu ukapumzike, na Mungu akupe miaka mingi yenye afya na furaha.

Na Edah, najua utalisoma jarida hili. Aliyepaswa kuja Kabras kukuomba radhi ni mimi. Nisamehe.