Mama Dripu Anatuaga

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, muuguzi mkuu wa kliniki yetu ya saratani, tuliyezoea kumwita Mama Dripu, anastaafu Ijumaa hii, mwisho wa mwezi.

Alianza enzi ambapo saratani za tumbo na utumbo zilitibiwa kwa dawa ya dripu tu, ya kuingizwa mshipani. Mkono wake mwepesi; wagonjwa walimsubiri yeye hata sisi wengine tukiwa tumekaa bure. Alitutania kwamba mishipa inamjua kwa sauti.

Vidonge vya saratani vilipokuja, tulishangilia. Daktari alitueleza kwamba kwa wagonjwa wengi wa utumbo mpana vinafanya kazi sawa na dripu, tena mtu anavimezea kwake. Mumewe Mama Dripu, seremala, alipougua saratani hiyo, alichagua vidonge. "Mke wangu, sifa za sindano zako nimezisikia, zinatosha," alisema, nasi tukacheka.

Nyumbani dawa ilimgeuka. Nyayo zilichubuka, akaharisha mfululizo. Mgonjwa wa dripu hupimwa na muuguzi kila anapokuja; wa vidonge asiposema, nani atajua? Mzee hakusema. Alivaa soksi. Mkewe alipouliza mbona soksi na joto hili, alijibu, "Uzee, mama." Aliogopa kwamba akisimamishiwa dawa, ugonjwa utamshinda. Alipoanguka bafuni, mwili ulikuwa umekauka maji. Hakutoka wodini akiwa hai.

Mama Dripu alirudi kazini amekonda. Daktari alimuuliza kama tuwarudishe wote kwenye dripu.

"Hapana. Wanaotoka mbali itawashinda. Kidonge hakina kosa, daktari. Kosa ni kukimeza peke yako."

Tangu hapo aliwapigia simu wagonjwa wote wa vidonge: umeharisha? Mdomo una vidonda? Wakija kliniki, aliwavua viatu akague nyayo, awe mwalimu, awe shehe. Wengi walipumzishwa dawa mapema, wakapata nafuu, wakaendelea. Wengine saratani iliwachukua hata hivyo. Simu ikipokelewa na mjane, hakukata. Alibaki upande wa pili, kimya, mpaka mwenzake amalize kulia.

Mama, ahsante. Vidonge na dripu umetufundisha. Kukaa kimya namna ile bado tunajifunza. Ukapumzike sasa, na Mungu akujalie siku nyepesi na watu wa kukaa nawe.