Mlango Tulioung'oa kwa Mama Pindo

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Makazi. Maafisa mliofuatana naye. Majirani zetu mliosimama juani:

KARIBU

Sisi mafundi wa uchochoro huu tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Utuwie radhi kwa viti vya kuazima. Tuliyemchagua kusoma ni mchomeleaji, amezoea kushindana na mashine, kwa hiyo akipaza sauti usidhani anagomba.

TULIKOTOKA

Nyumba uliyokuja kuiona ni ya Mama Pindo, mshonaji wetu. Hapa hakuna ambaye hajavaa kazi ya mikono yake. Dukani kwake alikuwa na pazia la kijani la kujaribia nguo. Ukishaingia nyuma ya pazia, yeye aligeukia ukutani akasubiri useme "tayari." Hata mtoto mdogo alisubiriwa hivyo hivyo.

Kisha yakamwingia maradhi ya misuli. Yalianza na mikono, miguu ikafuata, na sasa sauti imebaki ya kunong'ona. Idara yako ikatoa nyumba na vifaa, nasi tukajitolea nguvu.

TULIYOFANIKISHA

Ngazi ya mbele tuliivunja tukajenga mteremko. Swichi tumezishusha. Sinki halina kabati chini yake, ili magoti yaingie. Bafu halina kizingiti, na vyuma vya kushikilia hata fundi bomba akivining'inia havitikisiki, na mwili wake mnauona. Milango ya ndani ilibana kiti cha magurudumu, tukaing'oa yote. Maafisa wako walifurahi, wakaiita nyumba ya mfano.

YANAYOTUUMA

Nyumba ya mfano hutembelewa, nasi tulipenda kusifiwa. Wote waliokuja tuliwapitisha vyumba vyote kwa mbwembwe. Siku moja fundi bomba akawaongoza wageni hadi bafuni, kumbe Mama Pindo anaogeshwa na mdogo wake.

"Samahani mama, endeleeni tu, sisi tunaangalia bomba," akasema.

Mama Pindo akanong'ona kitu. Hatukungoja kukisikia. Mdogo wake akatufuata nje, mikono imejaa povu.

"Dada anasema yeye hakuwahi kumchungulia mtu."

Mgeni rasmi, tuliona aibu, na bado tunaiona. Tulipima upana wa kiti, tukapima mkono wake unafika wapi, lakini hatukumuuliza kama angependa kufunga mlango. Fundi bomba ameomba radhi na amesamehewa. Hata hivyo, tangu siku ile Mama Pindo hataki kuogeshwa mchana, na akisikia viatu nje anaomba afunikwe shuka hadi shingoni. Nyumba tuliyomjengea apumzike imekuwa ya kumshtua.

MAOMBI

Seremala wetu ametengeneza mlango mwepesi wa kuteleza kando ya ukuta. Mama Pindo ameujaribu kwa kiwiko, ukamtii. Lakini mlango huo uko karakana unakula vumbi, kwa sababu maafisa wako wamesema mchoro ukishapitishwa haubadilishwi. Tunaomba kibali tuufunge. Tunaomba pia mchoro wenyewe urekebishwe kabla haujapelekwa mitaa mingine, maana huko nako wapo watu watakaong'olewa milango kwa nia njema.

Ombi la mwisho ni la leo. Kwa sasa tumetundika lile pazia lake la kijani kwenye chumba chake. Tunakuomba uingie peke yako, wapiga picha wabaki nasi. Piga hodi mlango wa nje, mdogo wake atakufungulia, kisha simama mbele ya pazia. Sauti ya Mama Pindo ni ndogo, tena huchelewa. Usilifunue mpaka usikie "tayari." Na usipolisikia neno hilo, mgeni rasmi, tunakuomba urudi ukae nasi hapa nje.

Mungu akujalie afya, wewe na wote wa nyumbani kwako, na chumba chako kisikose mlango siku utakapouhitaji.

Ni sisi,
Mafundi wa Uchochoro wa Nyuma ya Soko