Mkono Usiowaka

Hamchoki nyie? Kila nikikaa nichambue mchele wangu, mnanijia na habari ya lile kopo la sukari. Haya, nasema mara moja tu, na atakayenikatiza atamalizia mwenyewe.

Kijiwe kilikuwa benchi moja refu chini ya ukuta wa duka la vipuri, na birika la Mama Kahawa juu ya jiko la mkaa. Mwisho kabisa wa benchi, pale ubao ulipopasuka, alikaa Mpiga Pasi. Alihamia mtaani baada ya kumzika mkewe, na kutwa nzima alikuwa akizungumza na mashati ya watu. Ile nusu saa ya kahawa ndimo pekee alimosikia sauti ya binadamu. Sasa mwezi mzima sukari ya kijiwe ilikuwa inapungua na kopo limefunikwa, na macho yote yakamgeukia yeye mgeni. Akaacha sukari. Akawa anakuja na kikombe chake mwenyewe, Mama Kahawa anammiminia kwa mbali kama anamwagilia maua.

Asubuhi hiyo Wakili, fundi viatu aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake, hakuzungusha maneno.

— Leo mwizi anajulikana. Na akijulikana, benchi hili halikalii tena.

— Utamjuaje? akauliza Mama Kahawa.

— Muulize Maabara.

Maabara alikuwa ameosha chupa za maabara ya chuo miaka thelathini, mkono unaosha, jicho linaiba masomo. Akatoa kichupa cha maji yenye rangi ya chai na kitochi cha mwanga wa zambarau, kile cha kukagulia noti.

— Humu mna punje za kaboni. Ndogo hizo! Panga elfu kumi, hazijafika unene wa unywele. Unapika sukari na maji ya ndimu kwenye chungu cha chuma kilichobanwa vizuri, saa nyingi, kisha unachuja. Mara nane nilipata masizi matupu. Ya tisa ndiyo hii. Tazameni.

Akakiingiza kichupa kwenye boksi tupu la sabuni, akamulika. Kikawaka buluu.

— Mama yangu! Wakili akaruka.

— Zikikauka zinazimika, kwa hiyo nimechanganya na gliserini. Jana jioni nililipaka kopo zima. Aliyeligusa, anawaka.

— Hiyo ni roho ya sukari, akasema Wakili. Ukiichoma sana inatoka kulalamika.

— Sukari ina roho? akauliza Mama Kahawa.

— Mbona ukiilamba sana hulali? Mimi nakwambia, marehemu wote waliopenda chai tamu wanawaka hivyohivyo huko chini. Ni sisi tu hatuna tochi ya kuwafikia.

— Basi mume wangu anawamulikia wenzake wote, akasema Mama Kahawa. Vijiko sita kila kikombe!

Wakacheka. Mpiga Pasi hakucheka. Mkewe alikunywa chai bila sukari maisha yake yote.

Mikono ikaanza kuingia kwenye boksi. Wa Wakili ukawaka.

— Sijagusa kopo! Nimempa mkono Mama Kahawa tu!

Wa Mama Kahawa ukawaka hadi kiwiko.

— Kopo langu, mlitaka nilishike kwa mguu?

Wa Maabara nao, maana yeye ndiye mpakaji. Pale kijiweni kila anayefika hupeana mkono na wote, kwa hiyo walikuwa wameambukizana kama mafua, na msomi wao wa chupa hakuliwaza hilo.

Ikafika zamu ya Mpiga Pasi. Aliingiza mkono taratibu, akijiuliza kesho saa kama hii atakuwa wapi, na nani. Maabara akamulika. Giza. Akaugeuza. Giza.

— Amenawa! akapayuka Wakili.

Hapo akafika mwalimu wa chekechea aliyekuwa anafuata gauni lake kwa Mpiga Pasi. Akaelezwa. Akaitazama mikono.

— Kwa hiyo nyote mmewaka kwa kupeana mikono?

— Ndiyo.

— Na huyu? Hakuna aliyempa mkono?

Wakili akatazama viatu vyake. Kahawa ikafurika jikoni, hakuna aliyeitoa.

— Tangu nihamie, akasema Mpiga Pasi, bila kulaumu. Miezi minne.

Mama Kahawa alishikwa na aibu, na mtu mwenye aibu hutafuta wa kumbwatukia.

— Wewe Maabara! Umepika mara tisa. Sukari ya mara tisa ulitoa wapi?

Maabara akakizima kitochi.

— Nilikuwa nachota kidogo ukienda kuteka maji. Tangu nistaafu hakuna mtu anayenigongea mlango, mama. Nikasema nikipata kitu kinachowaka, mtakuja kukiona.

— Ukamwacha huyu asemwe.

— Sikusema ni yeye.

— Wala hukusema si yeye!

Basi Maabara akalipa. Kwenye nafasi yake ya katikati ya benchi, karibu na joto la jiko, alikaa Mpiga Pasi. Yeye akahamia kwenye ubao uliopasuka, na kikombe chake mwenyewe, kahawa chungu. Na kila asubuhi ilimpasa ainuke, watu wote wanaona, ampe mkono Mpiga Pasi kabla ya mwingine yeyote. Siku ya kwanza Mpiga Pasi aliuacha mkono ule ukining'inia hewani mpaka kahawa ikapoa. Hilo nalo lilikuwa ndani ya malipo.