Jina la Shemeji Lilinikwama Kooni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni polepole tu, maana ushuhuda wangu hauna vigelegele.

Mimi ni Masika, natoka upande wa Beni. Vita ilitutupa hapa Bwera, ng'ambo hii ya mpaka, mimi na mdogo wangu Kavira, tukapanga nyumba moja. Bwana wake, Paluku, alivuka mpaka salama. Wangu aliuawa njiani. Hapo ndipo kijicho kiliponiingia.

Jamani, kijicho ni ugonjwa mbaya! Shemeji Paluku alikuwa mtu mwema. Alikwenda Kahendero kuleta samaki, sisi tukauza sokoni. Akirudi jioni, nikimsikia anakohoa mlangoni, najiuliza moyoni: Kwa nini huyu anarudi? Akatuletea vitenge vya namna moja, mke wake na mimi. Changu nilikifanya tambara la sakafu. Na kanisani, ni nani aliyeomba kwa sauti kunishinda? Niliomba adui zangu waanguke, kumbe huyo adui nilikuwa nakula naye sahani moja.

Kisha shemeji akaugua. Tulimpeleka hospitali Kasese, hali ikazidi kuwa mbaya. Kando ya kitanda Kavira akanishika mkono.

"Yaya, dada yangu mkubwa, weye ndiye unajua kuomba. Umuombee bwana yangu."

Ndugu zangu, nilifungua mdomo, jina lake likanikwama kooni! Nikamwambia mdogo wangu ukweli, mgonjwa akisikia: "Siwezi. Sitaki apone. Nataka na wewe ubaki peke yako kama mimi."

Nilidhani atanipiga. Alilia tu.

"Nilijua, Yaya. Tangu ile kitenge. Umwambie Mungu hivyo hivyo."

Nikapiga magoti, nikamwambia Mungu uovu wangu wote bila kuupamba. Nililia mpaka nguvu zikaniisha. Ndipo nikamshika shemeji mguu, nikasema: "Bwana, mponye Paluku." Na nilitaka apone, Mungu shahidi!

Hakupona. Kesho yake alifariki.

Mtaniuliza, ukombozi uko wapi? Nilimlilia, ndugu zangu. Mimi niliyemtakia kifo, nilimlilia kwa uchungu wa kweli, na Kavira akaniegemea mimi matanga yote. Huzuni imebaki, tena nzito. Lakini ile sumu imetoka. Asante Yesu!

Na wewe uliyeketi hapo, kuna jina unaliruka ukiomba. Unalijua. Mwamini Yesu, ulitaje leo, wakati mwenye jina hilo angali hai.