Wanne Ng'ambo ya Mto

Kijiwe chetu kiko nyuma ya Kenyatta Market, pale moshi wa nyama choma unapokutana na harufu ya nywele za saluni. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali. Mimi nashona viatu upande wa kushoto. Sharif, mtu wa Lamu, anamimina kahawa ya tangawizi kwenye vikombe visivyo na mkono. Mwololo, tunayemwita Injinia, anakausha simu zilizoingia maji. Mzee Gerishon alikuwa askari wa msitu hadi alipostaafu, na tunamwita Chifu kwa vile hapendi kubishiwa. Jumamosi hiyo ya Novemba 2006 mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Ephantus wa mtaa wa Woodley, anayepiga taipu katika ofisi moja mjini, alikuja akaketi bila kusalimia mtu.

— Niaje, Baba Kui? Injinia akamwuliza. Mbona uso kama umefutwa kazi?

— Heri ningefutwa.

— Kunywa kwanza, akasema Sharif, akampa kikombe. Ephantus alikishika tu.

— Jumapili iliyopita tulitoka kanisa, tukaenda kutembea kando ya mto kule msitu wa Arboretamu. Mimi, Mama Kui na Kui. Si mnajua ile njia, imenyooka, hata mtoto haimchoshi. Tukafika pale mto unakata kona. Kui akaanza kupunga mkono. Nikamwuliza, unapungia nani? Akasema, "Wale." Kuangalia ng'ambo, naona familia inatembea. Baba, mama, msichana. Mwendo wetu. Tukisimama, wanasimama.

— Hiyo ni maji, buda, Injinia akasema. Maji ni kioo. Ulijiona mwenyewe ukajiogopa. Wahenga walisema, nyani haoni kundule.

— Kioo hakiongezi mtu, Injinia. Yule mama alikuwa ameshika mtoto mwingine mkono. Kijana mdogo. Wa miaka mitatu hivi.

 Sisi wa kijiwe tulijua. Miaka mitatu nyuma Kanyiva, mke wa Ephantus, alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Ephantus na kaka yake tu ndio waliomzika, Kanyiva akiwa bado wodini. Tangu siku hiyo jambo hilo halikutajwa, si nyumbani kwao, si hapa.

— Uliona sura zao? nikamwuliza.

— Nilijaribu. Ni kama kuangalia mtu kwa dirisha yenye mvuke. Unajua ni mtu, lakini uso haukai.

Chifu alikuwa ameinama akichora chini kwa fimbo yake. Akainuka polepole.

— Ng'ambo hakuna njia, akasema. Nimelinda huo msitu miaka ishirini na sita. Upande ule ni mteremko, kichaka, halafu ukuta wa mawe. Hata mbuzi hatembei huko.

— Sasa walikuwa wanakanyaga nini? Ephantus akauliza.

— Ndio nakuuliza.

Sharif akaongeza makaa chini ya birika lake. Lami ya barabara ilikuwa bado inatoa mvuke.

— Kwetu wangesema hao ni wenyewe wa maji, akasema. Nao wana wake na watoto, hutembea jioni kama sisi. Ila kitu wanachokosa hukiazima. Sura huiazima. Mwendo huuazima.

— Na mtoto? Ephantus akamwuliza. Wanaazima mtoto?

Sharif akachungulia ndani ya birika.

— Si majini, Chifu akasema. Ni miti. Ile miti ililetwa na wazungu kutoka kila mahali, Australia, India, wapi. Mti ukihamishwa, wenyewe wanaufuata. Nikiwa kazini nilikuwa nasikia watu wanaongea mle ndani kwa lugha sijui. Mchana, si usiku. Nikifika, hakuna mtu, nyasi imelala tu. Ndio wahenga wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Chifu, hiyo methali inamaanisha kinyume, Sharif akamwambia.

— Wewe ulikuwa huko msituni?

Injinia alikuwa ameacha simu mapajani. Nilimwona macho yanametameta, kama kawaida yake akipata wazo baya.

— Lakini ngojeni. Nani amesema wao ndio kivuli? Wao wako wanne, wametimia. Nyinyi mko watatu. Kama kuna familia moja ya kweli na nyingine ni kivuli, kivuli ndicho kinakosa kitu. Labda saa hii baba mmoja huko ng'ambo amekaa kijiweni, anaambia wasee wenzake, "Jumapili niliona watu watatu, wananiangalia..."

— Mwololo! Sharif akamkatiza, na hamwiti kwa jina lake ila akikasirika. Chunga ulimi.

Ephantus aliweka kikombe chini. Kahawa ikamwagikia kiatu.

— Mnafanya mchezo. Mama Kui amekuwa akienda huko kila siku. Anafunga saluni saa tisa, anaenda peke yake. Jumatatu alirudi na matope kwa viatu. Jumatano, matope mpaka magoti. Jana gauni ilikuwa imelowa mpaka kiuno. Na mto umejaa, nyinyi wenyewe mmeona hii mvua. Nikamwuliza, unatafuta nini? Akaniambia, "Kesho kutwa tukienda, nikimwona nitavuka."

— Kesho kutwa ya jana ni kesho, akasema Chifu.

— Najua.

— Mfungie nyumba.

— Mpeleke kwa mchungaji.

— Mhame Woodley kabisa, Injinia akasema. Maji yakizidi unga, hama.

Kila mtu akawa na dawa yake, tukaanza kupigiana makelele kuhusu funguo na wachungaji. Ephantus akajishika kichwa.

Kwenye kigoda changu cha wateja alikuwa ameketi msichana mmoja mgeni, Nzembi, aliyeanza kuuza mboga sokoni wiki ile. Nilikuwa namshonea ukanda wa ndara, naye alikuwa amekunja mguu mmoja mtupu juu ya mwingine. Alikuwa amesikiliza yote tangu afike.

— Samahani, Baba Kui, akasema. Huyo mtoto mliyempoteza mlimpa jina gani?

 Nilitazama sindano yangu. Chifu alitazama fimbo. Ephantus alifuta kahawa kiatuni.

— Kwa desturi yetu angeitwa jina la baba yangu, akasema mwishowe. Lakini baba yuko hai. Alikataa jina lake lizikwe. Kwa hivyo hatuku... Hakuna.

— Hata mamake hakumwita kitu?

— Sijui. Sijawahi kumwuliza.

Akasimama, akaenda moja kwa moja saluni ya mkewe. Kutoka kijiweni mlango wake unaonekana. Tulimwona akisimama mbele ya mkewe, ambaye alikuwa anasuka mteja. Alisema kitu kifupi. Kanyiva akaacha vidole ndani ya nywele za yule mama. Halafu akajibu, neno moja tu, na Ephantus akakaa chini sakafuni.

Kesho yake tulienda nao Arboretamu, Kui akiwemo. Hakuna aliyepanga; tulijikuta tu getini, mimi, Chifu, Injinia na Sharif katika kanzu yake. Familia nyingine zilikuwa zinatembea na mahindi ya kuchoma, watoto wakikimbizana. Tulipofika kwenye kona, mto ulikuwa mwekundu, unavuta matawi. Ng'ambo mimi niliona kichaka na ukuta, basi.

Kanyiva alishuka mpaka ukingoni. Ephantus akashuka naye, akamshika kiganja, si kwa nguvu. Maji yakawagusa viatu.

— Mwite, Ephantus akamwambia. Tumwite pamoja.

— Mumo! wakaita, nasi tukajua lile neno moja la saluni.

Sauti zao zilimezwa na mto. Wakaita tena. Kanyiva akalia, kilio cha miaka mitatu, na mumewe naye akalia bila kujificha. Kanyiva hakuvuka. Baada ya muda alirudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, mpaka wakafika juu njiani.

Kui alikuwa bado anaangalia ng'ambo.

— Leo wako watatu, akasema.

Injinia akachuchumaa karibu naye. Sikuwahi kumsikia akiongea taratibu vile.

— Na yule mdogo ameenda wapi?

 Kui akamshika mamake ncha ya leso, tukaanza kurudi getini. Njia pale ni nyembamba, lakini mtoto alitembea ukingoni kabisa, kwenye nyasi zenye maji, akiacha kati yake na mamake nafasi ya mtu mmoja mdogo.