Mitungi Tuliyoikalia

Mama Birika alikuwa amezamisha vikombe vya kahawa kwenye ndoo ya sabuni pale Kobe alipotokea akikimbia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Kijiwe cha wateja wake kilikuwa ubao mrefu uliolazwa juu ya mitungi miwili ya chuma yenye kutu, mbele ya karakana ya Fundi Cheche, mchomelea vyuma, kikitazamana na geti la kituo cha afya. Humo ndani mama mkwe wa Mama Birika alikuwa akipumua kwa mpira wa oksijeni.

— Hospitali ya mkoa imetuma gari, — Kobe alihema. — Linakusanya mitungi ya oksijeni ya akiba ya vituo vyote vidogo.

Mama Birika akaacha vikombe. Mtungi wa bibi huyo ungeisha usiku huo, na kituo kilikuwa na wa akiba mmoja tu. Akabeba jiko lake la mkaa na birika juu yake, akalitua katikati ya geti.

— Watapita juu ya makaa haya.

— Wakubwa wanaivuta oksijeni majumbani kwao wasizeeke, — alisema Waziri pale ubaoni, ambaye hakuwahi kuwa waziri wa chochote.

— Wapi. Wanaificha, — alisema Cheche. — Ugonjwa huu ulioenea ukiisha watatuuzia pumzi. Kila mtu na mita yake puani.

— Mimi nimesikia wanaijaza chini ya jengo, — alisema Kobe. — Hospitali ipae na wagonjwa wake, ugonjwa tubaki nao sisi huku chini.

— Kunyweni kahawa, — alisema Mama Birika. — Mkizidi kunisaidia mtamuua bibi wa watu.

Gari likafika. Dereva akashuka, barakoa usoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

— Dada, sogeza jiko.

— Sisogezi. Mama mkwe wangu yumo humo. Tunagombana tangu niolewe, na bado hatujamaliza.

— Kule watu wamelala sakafuni, dada yangu. Hewa tunayo, mtambo unafanya kazi usiku na mchana. Tulichoishiwa ni vyombo vya kuijazia. Nikirudi mikono mitupu nitawaambia nini?

Mama Birika akachochea makaa. Dereva akageuka kutafuta pa kukaa, akainama, akachungulia chini ya ubao.

— Hii mliyoikalia ni mitungi ya nini?

Waziri akamtazama Kobe. Kobe akamtazama Cheche. Cheche akaitazama miguu yake kama ya kuazima.

— Mnaikalia kila siku, — alisema dereva. — Hakuna anayejua?

Mama Birika akageuka kuitazama karakana.

— Cheche, — alisema Mama Birika. — Na ule mpya wa oksijeni ulioko karakanani, unaokatia vyuma?

Cheche akalitazama lile jiko, akaingia karakanani kuuleta.

Dereva akapiga simu mkoani, akasikiliza.

— Wanasema niilete yote. Wataipima na kuisafisha, inayofaa itajazwa. Wa akiba wa hapa nisiuguse.

— Inueni makalio, — alisema Mama Birika.

Jioni, kwa kuwa wodini hawakuruhusu wageni, alimpa nesi sahani ya bibi, kisha akawapakulia mumewe na watoto chini ya dirisha la wodi. Wanakijiwe walichuchumaa kando, ubao ukiwa umelala chini hauna kazi. Akahesabu vichwa kama ilivyo ada yake. Sauti nyembamba ikapenya dirishani.

— Leo chumvi imekwenda wapi?

— Wote wapo, — alisema Mama Birika, akaanza kula.