Mwalimu Aliyeaga Darasa Lake kwa Wiki Kumi na Nne

Marehemu aliagiza wasifu huu usizidi kurasa mbili, na usimsifu kwa jambo ambalo hakulifanya. Alisema watu waliosimama juani hawasikilizi sifa, wanasubiri ziishe. Sisi ndugu zake tumejitahidi kumtii.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1968 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yetu alikuwa fundi cherehani, na mama yetu alifua mashuka ya hospitali. Alikuwa mtoto mkaidi. Mama alizoea kusimulia kwamba alipokuwa na miaka sita, baba alimwahidi kurudi mchana wale pamoja, kisha akacheleweshwa na mteja. Baba aliporudi jioni alimkuta bado ameketi mezani, mbele yake sahani mbili zimefunikwa, hajaonja kitu. "Ulisema," akamwambia baba yake, basi. Tangu siku hiyo baba alifikiri mara mbili kabla ya kumwahidi chochote.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1976 hadi 1982 na sekondari kuanzia 1983 hadi 1986. Mwaka 1987 alikaa nyumbani akimsaidia mama kufua, kwa sababu mgongo wa mama ulikuwa umegoma. Aliingia chuo cha ualimu mwaka 1988 akamaliza 1990. Wapo wanaosema alikuwa wa kwanza darasani. Hakuwa. Alikuwa wa kumi na moja, na cheti chake kipo.

Januari 1991 alianza kufundisha hesabu darasa la tano, katika shule ambayo hakuwahi kuihama. Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa na fundi wa umeme wa magari, mtu mpole mwenye utani mwingi, nao wakajaliwa binti na mwana. Shemeji yetu alimbembeleza miaka miwili kabla ya kukubaliwa. Alipoulizwa siri ya kufaulu, alijibu, "Nilikuwa nafika saa niliyosema nitafika. Wenzangu walikuwa wanaleta maua."

Sasa tuseme wazi jambo ambalo wengi hulipamba. Marehemu hakuingia elimu maalumu kwa wito. Alipelekwa. Mwaka 2001 ofisi ya elimu iliagiza shule ifungue darasa la watoto wenye ugumu wa kujifunza na wenye usonji. Kwenye kikao walikuwapo walimu kumi na saba, na wote waliangalia sakafu. Mwalimu mkuu wa wakati ule alikuwa amegombana na marehemu kwa sababu alipinga viboko. Akamwambia, "Wewe si ndiye mtetezi wa watoto? Haya, chukua hao." Walimu wakacheka.

Alipewa chumba cha mwisho, jirani na vyoo, kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Walikuja watoto sita. Wiki ya kwanza mmoja alimng'ata mkono, na mwingine akaruka dirishani akaja kupatikana nyuma ya tangi la maji. Ijumaa alirudi nyumbani akalala na viatu, mumewe akamvua. "Jumatatu naomba uhamisho," alisema kabla ya kusinzia. Jumatatu hakuomba. Tulipomuuliza kwa nini, alisema alisahau.

Wenzake waliliita darasa lake majina ambayo hayafai kusomwa mahali hapa. Mmoja alizoea kumpokea ofisini kwa kejeli: "Karibu, mwalimu wa wasiojua! Leo wamekufundisha nini?" Siku moja alimjibu, "Wamenifundisha kumsubiri mtu amalize kusema. Wewe unaanza lini?" Kejeli ile haikurudiwa.

Alikosea pia, na aliagiza kosa lake kubwa lisomwe. Likizo ya mwisho wa mwaka 2002, yeye na mumewe walikipaka chumba kile rangi ya samawati, wakageuza madawati, wakatundika maua ya karatasi. Alitaka watoto wapate furaha ya ghafla. Shule ilipofunguliwa, mmoja alijigonga kichwa ukutani mpaka akatoka damu. Mwingine, aliyekwisha kuzoea choo, alijisaidia pale pale aliposimama. Wa tatu alikataa kuvuka kizingiti. Mama wa mtoto huyo, mfagiaji wa soko, alimuuliza bila hasira yoyote: "Mwalimu, lile darasa la mwanangu umelipeleka wapi?"

Kwa siku kumi na moja marehemu aliketi na mtoto yule nje, akausogeza mkeka hatua moja kila asubuhi, huku mlango ukiwa wazi ili awaone wengine, mpaka wakaingia. Baada ya hapo hakuna kilichobadilika katika chumba kile bila kutangazwa mapema. Alichora kadi: beseni la kunawa, mkate, daftari, mpira, kengele ya kwenda nyumbani. Alizibana kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na kila mtoto aliiona siku yake kabla haijaanza. Maji yakikatika, kadi ya beseni iligeuzwa. Walimu walimwita Bibi Ratiba. Shemeji aliwatisha wageni nyumbani: "Usiguse hicho kiti, ndugu yangu. Hapa kochi halihami bila taarifa ya wiki mbili."

Alichukua diploma ya elimu maalumu wakati wa likizo, kuanzia 2004 hadi 2006. Kwa miaka ishirini na mitatu walipita mikononi mwake watoto arobaini na wanne. Si wote waliojifunza kusoma. Wengi walijifunza kunawa, kufunga vifungo, kungoja zamu, na kukataa kitu bila kung'ata. Watatu wana kazi. Wengine walirudishwa nyumbani wakafungiwa vyumbani, na baadhi ya waliowafungia wamesimama hapa leo na nguo zao nzuri. Marehemu alizijua nyumba hizo. Alizipitia Jumamosi, akabisha hodi, mara nyingi akaambiwa mtoto amekwenda kwa shangazi. Alikuwa akirudi amechoka kuliko siku za kazi.

Aliomba mwalimu wa pili kwa miaka ishirini na mmoja. Alimpata mwaka 2022, mwalimu msaidizi, binti wa miaka ishirini na minne. Watoto walimpenda binti huyo kwa michezo, lakini hawakumfuata. Walimfuata marehemu peke yake, na hapo ndipo palipokuwa na hatari.

Tarehe 26 Machi 2024 aliambiwa ana saratani ya kongosho, na kwamba imekwisha kufika kwenye ini. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alikuwapo na ametusimulia.

"Nimebakiwa na muda gani, daktari?"

"Mama, hilo analijua Mungu."

"Mungu nitamuuliza mwenyewe. Wewe nipe hesabu ya wiki."

Daktari akaona haya, akasema ishirini, labda ishirini na nne. Marehemu akaomba kalamu.

Mwalimu mkuu wa sasa alimweleza ukweli, wala hakusema kwa ubaya: watoto wakitulia na msaidizi, darasa litaendelea, wasipotulia, atawaandikia wazazi wawachukue, kwa kuwa hana mtu mwingine wa kumweka. Watoto tisa wangerudi kwenye vyumba vyenye kufuli. Marehemu alipanga kuondoka kwa wiki kumi na nne, kuanzia Jumatatu tarehe 29 Aprili. Alibana picha yake kwenye kamba kwa kila siku ambayo angekuja, na picha ya msaidizi kwa kila siku ambayo hangekuja. Wiki mbili za kwanza alikuja siku zote. Wiki ya tatu aliondoa Ijumaa, baadaye Alhamisi, kisha Jumanne, mpaka zikabaki saa chache.

Wenzake walimwandalia sherehe ya kumuaga bila kumwambia, yenye keki na muziki. Akaibaini. "Sherehe ya ghafla?" aliwauliza. "Mmeona saratani inachelewa?" Keki ililiwa ofisini, mlango umefungwa.

Nyumbani tuligombana naye. Mdogo wake anayesoma maneno haya alimwambia, "Dada, lala upumzike. Miaka thelathini na mitatu inatosha. Hao watoto hawatajua hata kama haupo." Akajibu akiwa amefumba macho, "Watajua kabla yenu. Ninyi mtanikumbuka siku mtakapotaka mtu wa kuwapatanisha." Mdogo wake alikosea, na anakiri hivyo mbele yenu.

Katika darasa lile yuko msichana wa miaka kumi na mmoja asiyesema, anayeitwa Malkia kwa sababu ana kiti ambacho hakuna anayethubutu kukikalia. Kwa miaka minne alikuwa akiingia darasani akiwa ameshikwa mkono na marehemu, si na mtu mwingine. Ijumaa ya kwanza ya zamu ya msaidizi, tarehe 17 Mei, marehemu aliitwa ofisini kusaini fomu za matibabu. Akiwa kwenye ujia alimsikia Malkia akipiga kelele mlangoni na kujichapa makofi. Marehemu aliuegemea ukuta. Mwalimu mkuu alitoka akamkuta hapo.

"Mwalimu, ingia basi. Mtoto anaumia."

"Namsikia."

"Sasa unangoja nini?"

"Picha yangu haipo kwenye kamba leo. Nikiingia, picha zote zitakuwa zimesema uongo, na huyu msaidizi hawatamwamini tena."

Alisimama pale dakika arobaini, mkono mmoja tumboni. Mwalimu mkuu ametuambia kwamba alitamani kuondoka akashindwa, naye akasimama. Ijumaa ya pili kelele zilikuwa dakika ishirini na tano. Ijumaa ya nne, tarehe 7 Juni, Malkia alisimama mlangoni, akaitazama kamba kwa muda mrefu, akaingia peke yake. Hakumpa msaidizi mkono. Alipita tu.

Marehemu alifundisha mara ya mwisho Jumatano tarehe 31 Julai 2024, kwa saa moja. Aliwanawisha watoto mikono, akabandua picha yake mwenyewe kwenye kamba mbele yao, akampa msaidizi kibanio. Baada ya hapo hakuwa na nguvu ya kupanda ngazi za nyumbani. Mumewe na mwanawe walimbeba kwenye kiti.

Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 10 Septemba 2024, saa tisa alasiri, katika wiki ya ishirini na nne, mumewe akiwa ameketi kando yake.

Ilipendekezwa kwamba darasa lifungwe leo, na watoto waletwe hapa kwa basi, wavalishwe sare, wakae mbele. Marehemu alikuwa amekataa kwa maandishi: wasiambiwe kwamba amesafiri, na wasiletwe. Jana msaidizi aliwaambia kwa maneno mepesi kwamba Mwalimu amekufa na hatarudi. Malkia alitoka nje, akaketi getini mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Wanne wengine walimfuata, na hakuna aliyekubali kurudi ndani. Mwalimu mkuu alitupigia simu jioni. Alisema ataangalia siku ya leo kabla ya kuwaandikia wazazi, na kwamba ana hofu.

Kwa hiyo asubuhi hii, wakati wengine wetu tukipanga viti, shemeji alikuwa ameshika simu. Saa mbili na robo msaidizi alimtumia ujumbe. Tunausoma kama ulivyo: "Wameingia wote."

Mwenye mtoto aliyefichwa nyumbani asituletee shada la maua. Mlango wa darasa hufunguliwa saa mbili kasoro robo, na Jumatatu ni siku ya kazi.

Marehemu ameacha mume, binti, mwana, wajukuu wawili na ndugu wanne. Ameacha pia wanafunzi tisa, na mwalimu mmoja ambaye hayupo mazishini kwa sababu yuko kazini.

Dada yetu alichoka sana. Tumwache sasa apumzike, na apumzike kwa amani.